Dakika za Kupigwa

Naanza na kosa langu, maana mjini wamekwisha kulisimulia kwa namna zao na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Nilimpiga mtani wangu kwa mchi wa mninga, jukwaani, yapata saa kumi na nusu ya jioni, watu wamejaa mpaka madirishani. Taya lake la kushoto lilivunjika. Meno mawili yalitoka, na moja nililiona kwa macho yangu likiruka na kutua karibu na meza ya majaji. Watu walipiga makofi. Jaji mmoja aliinama akaandika kitu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, nauza mitumba ya watoto sokoni, na hasira zangu ziko karibu. Sijivunii hilo, wala sijifichi nalo. Wateja walionizoea hawapapasi nguo zangu mara mbili.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na mchezo mmoja tu wa maana. Ulimhusu mwanamke aliyemfuata mumewe, mpagazi, katika msafara wa kutoka pwani hadi Ujiji. Njiani mume anakufa kwa ndui, nyapara wa msafara hana mtu wa ziada, basi mzigo wa marehemu anatwishwa mjane wake. Mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu, alisema njia ile ilimaliza watu wengi mno, haiwezi kuchezwa na mwili mmoja. Kwa hiyo mwanamke yule tulimcheza watu watatu. Mtani wangu, Mzaramo aliyeletwa Tabora na ndoa, alimtoa pwani akamfikisha Ugogo. Mimi nilimpokea Ugogo nikamleta Tabora. Kutoka Tabora hadi ziwani alichukuliwa na binti mmoja wa Kigwa, mkulima na mwimbaji wa kwaya, mwenye shingo ya kubebea ndoo mbili za maji.

Kubadilishana kwetu kulikuwa hivi. Nyapara anampiga mwanamke kwa kiboko, mwanamke anaanguka, na anayefuata anainuka, anaweka ngata kichwani, anajitwisha mzigo uleule na kuendelea na safari. Aliyeanguka haondoki jukwaani. Analala palepale mpaka mwisho, macho wazi, awe mmoja wa wale walioachwa njiani. Mwongozaji alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Aliyeanguka hajikuni wala hakohoi, hata atambaliwe na siafu. Na hatukuwa na alama nyingine ya kuingia: mwenzio akigusa sakafu, wewe inuka. Mzigo nao ulikuwa mzigo wa kweli, sufuria, gora la kitambaa na mchi, vyote vimefungwa ndani ya kaniki, ili shingo zetu zisidanganye.

Nyapara alichezwa na fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata kuku aliwafukuza kwa kuwaomba. Mwanzoni alikuwa akipiga ngozi ya ng'ombe tuliyoitandika sakafuni pembeni yetu. Tulipocheza Itetemia, uwanjani, watu walicheka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Huyo anafukuza nzi." Nilitoka pale nimevimba. Nikamwendea fundi.

"Kuanzia leo unanipiga mgongoni."

"Dada, mimi siwezi."

"Utaweza. Nitavaa sponji ndani."

Nikavaa sponji chini ya blauzi. Tulipofika Urambo niliivua, kwa sababu ilionekana, na kwa sababu nyingine nitakayoisema sasa hivi. Kiboko cha kwanza kilipoingia, wakulima waliokuwa wamekuja kuuza tumbaku wakavuta pumzi kwa pamoja. Mama mmoja aliziba mdomo kwa kanga. Hakuna aliyecheka. Kiboko kinachoma kwanza, halafu ngozi inakufa ganzi, halafu kinachoma upya kikirudi mahali palepale. Nilikuwa nayajua hayo yote zamani.

Nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na moja na mwanamume aliyenipiga kwa mkanda, kwa pampu ya baiskeli, na siku moja kwa pasi ya mkaa ikiwa bado ya moto. Alipiga kwa utaratibu, mlango umefungwa na redio imefunguliwa. Nje alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Nilipodai talaka, wazee wa pande zote mbili waliniuliza shahidi wangu ni nani. Sikuwa naye. Nikatoka mle ndani na sifa ya mwanamke mkorofi aliyeshindwa kutunza nyumba. Sasa jukwaani nilikuwa nikipigwa mbele ya watu, mchana kweupe, na watu wakiamini kwamba napigwa. Sijui kama aliyewahi kuaminiwa maisha yake yote anaweza kuelewa utamu wa jambo hilo.

Ndipo ikaja habari ya tuzo. Tamasha la sanaa lilikuwa likifanyika mjini kwetu, na mchezo wetu ulichaguliwa. Kulikuwa na tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na masharti yake yalisema kwamba mhusika mmoja akichezwa na watu zaidi ya mmoja, jina moja tu ndilo litakalopokelewa, nalo ni la yule atakayesimama kwa miguu yake jukwaani muda mrefu kuliko wenzake siku ya majaji. Binti wa Kigwa alisikitika. Akaniuliza, kwa adabu yake, "Mama, kwani hatuwezi kuwaandikia kwamba sisi watatu ni mtu mmoja?"

Mwongozaji aliandika. Majibu yalikuja upesi, kwamba tuzo haikatwi vipande na kwamba kinachoshindanishwa ni mwigizaji, siyo mhusika. Mtani wangu alikasirika. Alisema ni upuuzi, ni sawa na kuuliza ni lipi kati ya mafiga matatu lililoivisha wali. Mimi moyoni nilikubaliana na majaji. Mhusika alikuwa mmoja, sawa, lakini mgongo ulikuwa wangu. Nilitaka jina langu lisomwe kwenye ule ukumbi, na yule mwanamume wa mkanda awe amekaa humo, alisikie.

Mwongozaji akatupima kwa saa ya simu yake. Mtani dakika ishirini na tano, mimi ishirini na mbili, binti ishirini. Nilikuwa nimepungukiwa dakika tatu kwa sababu nilikuwa naanguka mapema. Kiboko cha tatu tu, chini.

Basi nikaacha kuanguka. Tulipocheza Kigwa, karibu na reli, nilisimama mpaka kiboko cha saba. Fundi alikuwa ananikodolea macho akinisihi nianguke, nami namtazama tu. Mtani wangu naye hakuwa mjinga. Siku ile alimlilia mumewe marehemu kwa maombolezo marefu ambayo hayakuwa kwenye mchezo, akataja ukoo mzima wa Wazaramo, na mimi nimejikunja kwenye kona yangu nasubiri aguse sakafu, namchukia. Alipoanguka aliukumbatia mzigo kwa mikono miwili. Nikamkanyaga kifundo cha mkono hadi akauachia. Alipokuwa amelala akaniuma shavu la mguu nilipopita, meno yakaingia kweli. Nikambamiza na kisigino. Watazamaji walipagawa. Walisema hawajaona mchezo wenye moto kama ule.

Tukirudi kwenye gari tulikuwa tunatupiana maneno ya utani, kama ilivyo haki yetu tangu enzi za misafara.

"Nyie Wanyamwezi mmezaliwa na mzigo kichwani," anasema, "sasa mnataka na zawadi ya kuubeba."

"Na nyie Wazaramo mnajua kulia tu. Ngoma kila wiki, shamba hakuna."

Zamani tungecheka mpaka tushike mbavu. Huyu ndiye aliyekuja kwenye msiba wa mama yangu, akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake wa kuvuta mguu na kudai aletewe uji, hadi nikacheka huku nalia. Sasa nilikuwa nacheka kwa meno tu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ulikuwa umeshaiva.

Siku ya majaji ukumbi ulijaa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya vichwa vya majaji, na mmoja wao alikuwa na saa nyingine mkononi. Yule mwanamume nilimwona kabla hata sijaingia, mstari wa tatu, kanzu nyeupe, anasalimiana na watu kulia na kushoto. Nilimwita fundi pembeni.

"Leo huachi kupiga mpaka nianguke mwenyewe."

"Dada, nikikuumiza je?"

"Ukiacha kabla sijaanguka, nitakushughulikia mimi."

Mtani wangu alianza. Alijivuta, aliomboleza, alikunywa hata maji ambayo hayakuwepo. Alipoanguka mwishowe nilipiga hesabu: ili nimpite, mshale mrefu ulipaswa kufika kwenye sita nikiwa bado nimesimama. Nikainuka. Nikajitwisha mzigo. Nilitembea Ugogo yote polepole, nikaimba, nikaomba maji kijijini nikanyimwa, na bado mshale ulikuwa mbali. Nyapara akaja. Nikampa mgongo.

Vitano vya kwanza nilivihesabu. Cha sita kilipita begani kikanichana shingo. Cha tisa kilirarua blauzi, na nikasikia umajimaji unateremka kwenye uti wa mgongo, nikajua si jasho. Fundi alikuwa analia, machozi yanamtoka na mkono unapanda na kushuka. Mimi nilikuwa natazama saa. Bado dakika mbili. Cha kumi na moja kiliniangusha goti moja, nikainuka tena kwa hasira, mzigo bado uko kichwani, na ndipo maiti ikaamka.

Mtani wangu, ambaye alipaswa kulala pale macho wazi mpaka mwisho wa mchezo, aliinuka kutoka sakafuni, akaja juu yangu, akaushika mzigo kwa mikono yote miwili. "Lete hapa!" akapiga kelele. "Mnyamwezi gani hata kubeba hujui! Lete, lete, toka, nenda zako!" Watu walikuwa wamebana pumzi muda mrefu, wakaangua kicheko. Mimi niliona jambo moja tu. Nilimwona anarudi kudai dakika zake. Tukavutana. Kaniki ikafunguka, sufuria ikaanguka, gora likabiringika, na mkononi mwangu ukabaki mchi.

Nilimpiga kwa nguvu zangu zote. Sitaki kudanganya kwamba mkono uliteleza. Nililenga uso. Mlio wa taya ulikuwa mdogo, kama wa kuni kavu. Alikwenda chini ubavu ubavu, na nilitaka kumwongeza, mchi ulikuwa umeshapanda tena, ila binti wa Kigwa alikuwa amekwisha kutokea nyuma ya pazia. Aliona mtu kagusa sakafu, akainuka, kama alivyofundishwa. Alikusanya vitu vyetu, akavifunga, akanitoa mchi mkononi akauchomeka kwenye mzigo. Akajitwisha, akabaki ameduwaa, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilikuwa nasubiri saa. Mshale ulipogusa sita nikaanguka.

Nikaanguka karibu naye, uso kwa uso, pengo la mkono mmoja kati yetu. Binti akaanza safari yake ya kwenda ziwani, dakika ishirini. Kwa dakika zote ishirini mtani wangu alilala pale taya limekwenda upande, damu inatoka mdomoni na kujaa kwenye ufa wa ubao, inajaa, inamwagika, inajaa tena. Macho yake yalikuwa wazi yananitazama. Niliona mtu anaumia, siyo mwigizaji. Neno moja tu, "Jamani," lingetosha kusimamisha mchezo. Lakini mchezo ukisimama hakuna tuzo, nami nililijua hilo vizuri, nikanyamaza. Naye alinyamaza. Hakuguna hata mara moja. Binti alipofika Ujiji akatua mzigo, watu wakasimama wote kushangilia, na mtani wangu hakuinuka kuinama pamoja nasi. Ndipo mwongozaji alipopiga ukelele.

Tulimkimbiza hospitali, wakamwingiza ndani moja kwa moja. Fundi alikaa nami kwenye benchi la nje, kiboko bado kimeshikwa mkononi, amesahau kukiacha. Alisema kwamba tangu kiboko cha tisa alikuwa anamsikia mtani wangu pale chini anasema polepole, bila kutikisa midomo, "Anguka. Anguka, ndugu yangu. Atakuua huyo, anguka." Mimi sikusikia kitu, nilikuwa nasikiliza saa.

Nimesema hapo juu kwamba sikuwa na shahidi. Nilidanganya, au niseme nilikuwa nimezoea kusema hivyo. Miaka ile yote mtani wangu alikuwa jirani yetu, ukuta mmoja. Redio ikipandishwa sauti alikuwa anajua. Anakuja, anasukuma mlango bila hodi, anaingia jikoni na kuinua sufuria ya ugali kutoka mekoni, "Leo nakula huku! Chakula kizuri mnapika, adabu ya kukila hamna!" Na mume wangu, Mnyamwezi kama mimi, atafanya nini? Mtani hakasirikiwi, achukue kuku, achukue kiti, ukimkunjia uso umejivunjia heshima. Atacheka kwa shida, atautupa mkanda kitandani. Ugali wangu uliliwa na mtani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Na siku ya wazee alikuja bila kuitwa, akasimama katikati ya majamvi, akaeleza yote aliyoyasikia kupitia ukuta. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho, halafu wakacheka. Wakasema maneno ya mtani hayashikwi. Wakamwambia akae, atapewa wali.

Mimi nilikuwepo. Nilimwona anatoka amejifunika uso kwa kanga. Na bado, aliponijia jukwaani vilevile alivyokuwa akija jikoni kwangu, kwa matusi yaleyale na mikono ileile ya kunyang'anya, mimi niliyeokolewa kwa namna hiyo miaka yote nilimwona mwizi.

Wiki moja baadaye walitoa tuzo. Nilifikiri watanifuta, hata niliomba Mungu wanifute, lakini mwongozaji hakuwaambia kitu na mimi sikuwaambia. Majaji walisema mapigano ya mwisho yalikuwa ya uhalisia wa hali ya juu, na kwamba kuamka kwa maiti kulikuwa ubunifu uliowagusa. Wakasema dakika zangu zilikuwa thelathini na mbili. Wakasoma jina langu, la kwangu na la baba yangu, kwenye kipaza sauti. Nikapanda kuichukua tuzo, sanamu la mbao, huku mgongo haujapona, blauzi inanata. Niliposhuka, yule mwanamume alikuwa amesimama njiani kati ya viti. Alinipa mkono.

"Hongera," akasema, anatabasamu, kwa sauti ya chini ambayo wengine wasingeisikia. "Kumbe na wewe unajua kupiga."

 

Taya la mtani wangu lilifungwa kwa waya wiki sita. Nilikuwa nakwenda kila siku ya pili na uji wa ulezi, naukabidhi mlangoni kwa mumewe, maana kuingia sikuthubutu. Waya zilipotolewa nilijikaza. Nilinunua doti ya kanga na jogoo, nikajiandaa kwa matusi. Niliyataka. Njia nzima nilikuwa nayatunga kwa niaba yake: kwamba nimekuja kulimaliza taya la kulia, kwamba Mnyamwezi hawezi kuaminiwa hata na mchi. Ningecheka, ningelia, ningepiga magoti, tungekwisha.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo upande wa kushoto. Aliponiona aliweka ungo chini, akainuka, akanisogezea kiti, kile kizuri cha wageni, akakipangusa kwa ncha ya kanga. Ananizidi miaka minne. Hajawahi kunipa kiti tangu tujuane, amezoea kuninyang'anya nilichokalia. Nikasubiri atukane. Akakunja magoti kidogo, macho yake chini, kama mtu anayemsalimu mkwe.

"Shikamoo," akasema.

Na mimi, mdomo ukanitangulia, nikaitika, "Marahaba."